Namna ya kutembea ndani ya jarida la kisayansi mtandaoni bila kupotea

Mwanauzamili ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu usugu wa bakteria dhidi ya viuavijasumu. Tangu nianze nimekuwa nikisoma makala kwa njia moja tu: naandika maneno machache kwenye injini ya kutafutia, nabofya tokeo la kwanza au la pili, napakua faili ya PDF, kisha nafunga ukurasa. Leo nina faili zaidi ya mia mbili kwenye kompyuta yangu, nyingi zikiwa na majina ya tarakimu na herufi ambazo hazinielezi chochote, na nimetambua kwamba siwezi kusema makala fulani ilitoka katika toleo lipi, ilichapishwa pamoja na zipi, wala kama kuna mtafiti aliyewahi kuijibu.

Kilichonifanya niandike ni jambo la juzi. Makala moja ninayoitegemea sana inasema, katika sehemu ya matokeo, kwamba viwango vya dawa kwa kila aina ya bakteria vimo katika Jedwali S3. Nimeipekua PDF yangu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikaona Jedwali la 1, la 2 na la 3, lakini S3 halimo. Nikaamua kurudi kwenye tovuti ya jarida lenyewe. Huko nilikuta menyu juu, menyu nyingine pembeni, vichupo katikati, na safu ya makala zinazopendekezwa upande wa kulia. Nilibofya huku na huku kwa karibu saa nzima, na mwishowe nikajikuta ndani ya jarida jingine kabisa la mchapishaji yuleyule, bila kujua nimefikaje.

Msimamizi wangu naye amenipa kazi ambayo yeye anaiona nyepesi: nisome toleo zima lililobeba makala hiyo, kisha nimweleze ni watafiti gani wameitumia baada ya kuchapishwa. Nimeona haya kumwambia kwamba sijui hata pa kuanzia. Naomba mwenye uzoefu anieleze jinsi tovuti za majarida zinavyopangwa, ili nikiingia nijue nilipo, nilipotoka na ninakoweza kwenda. Sihitaji orodha ya tovuti. Nahitaji kuuelewa mpangilio wenyewe.

Mkutubi amejibu:

Ndugu Mwanauzamili, nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi, na swali lako ni miongoni mwa yale ninayoulizwa mara nyingi, ingawa wengi huliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Hakuna aibu. Injini ya kutafutia imekuingiza nyumbani kwa watu kupitia dirishani, ikakuacha katikati ya chumba kimoja, na wewe ukatoka kwa dirisha lilelile. Hukupata nafasi ya kuiona nyumba.

Mpangilio wa jarida la mtandaoni umerithiwa kutoka kwenye karatasi, na ni mpangilio wa zamani sana: majarida mawili ya kwanza ya kitaalamu, moja la Ufaransa na moja la Uingereza, yalianza kutoka mwaka 1665. Jarida lina juzuu, juzuu ina matoleo, na toleo lina makala. Katika majarida mengi juzuu moja ni ya mwaka mmoja, ingawa yako yanayotoa juzuu kadhaa ndani ya mwaka. Ukifungua makala yoyote, tazama juu ya kichwa chake: mara nyingi utakuta mstari mwembamba wa viungo unaoanza na jina la jarida, ukafuatiwa na juzuu, kisha toleo, kisha makala uliyomo. Mstari huo ndio ngazi yako. Ukibofya neno la toleo, unafika kwenye ukurasa wa yaliyomo wa toleo zima, na kazi aliyokupa msimamizi wako inaanzia hapo. Kwenye simu mstari huo mara nyingi hufichwa ndani ya alama ya vistari vitatu iliyo juu ya skrini, kwa hiyo usiseme haupo kabla hujaibofya alama hiyo.

Nikuoneshe kwa mfano mmoja, kwa sababu maelezo matupu hayasaidii. Makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA ilichapishwa katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, juzuu ya 171, ukurasa wa 737. Mtu anayeifikia kwa injini ya kutafutia atasoma ukurasa mmoja na kipande, ataridhika, na ataondoka. Lakini ukipanda ngazi hadi kwenye yaliyomo ya toleo hilo, utaona kwamba makala inayofuata, inayoanza ukurasa wa 738, ni ya Wilkins, Stokes na Wilson, na baada yake, ukurasa wa 740, iko ya Franklin na Gosling. Zote tatu zinahusu jambo lilelile, na hizo mbili za nyuma ndizo zenye vipimo vya mionzi ya eksirei. Mhariri aliziweka bega kwa bega kwa makusudi. Aliyepakua faili moja tu hataujua ujirani huo, na kwa maoni yangu amesoma theluthi ya habari. Ndiyo maana vitufe vya makala iliyotangulia na makala inayofuata, ambavyo watu wengi huvidharau, mimi hupenda kuvibofya kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa shuka hadi kwenye marejeleo ya makala hiyohiyo ya 1953. Yako sita tu, na la kwanza linakupeleka kwa Pauling na Corey, ambao mapema mwaka huohuo, katika juzuu ileile ya 171, ukurasa wa 346, walipendekeza umbo jingine la DNA lenye nyuzi tatu. Kwa hiyo kwa kubofya mara moja umerudi nyuma miezi michache na kukutana na wazo ambalo Watson na Crick walikuwa wanalipinga. Hiyo ndiyo kazi ya marejeleo yenye viungo: yanakurudisha nyuma katika wakati. Kinyume chake ni sehemu iliyoandikwa "Cited by", ambayo hukupeleka mbele, kwa watu walioitumia makala hiyo baada ya kutoka. Swali la pili la msimamizi wako jibu lake limo humo. Usishangae ukiona idadi inayotajwa na tovuti ya jarida hailingani na ile ya Google Scholar au ya hifadhidata nyingine, kwani kila mmoja huhesabu zile makala ambazo mfumo wake umezisajili au kuzipitia. Ukitaka ukamilifu, tazama zaidi ya sehemu moja.

Kuhusu kupotea ukiwa ndani ya makala: ukibofya namba ya rejeleo katikati ya aya, kivinjari kinaruka hadi chini kwenye orodha, na watu wengi wanaanza kuburuta ukurasa kwenda juu wakitafuta walipokuwa. Bonyeza kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari, au Alt pamoja na mshale wa kushoto, na utarudi kwenye sentensi ileile. Katika tovuti nyingi huhitaji hata kuruka, kwani ukiweka kishale juu ya namba bila kubofya, rejeleo lenyewe linajitokeza katika kisanduku kidogo.

Kilichokupeleka kwenye jarida jingine bila habari yako ni mojawapo ya mambo mawili. Huenda ni ile safu ya mapendekezo ya kulia, ambayo mara nyingi hupangwa na mashine kwa kufananisha maneno na haina uhusiano wowote na toleo unalosoma. Au huenda ni kisanduku cha kutafutia. Wachapishaji wakubwa wana majarida mamia katika mfumo mmoja, na kisanduku cha juu mara nyingi hutafuta katika yote, isipokuwa umechagua kwanza kwamba unataka jarida hili tu. Angalia kama pembeni ya kisanduku kuna menyu ya kuchagua. Ukitafuta fungu la maneno yanayofuatana, liweke ndani ya alama za kunukuu, la sivyo mfumo unaweza kukuletea makala ambazo maneno hayo yametawanyika huku na huku. Na matokeo yakija, tazama yamepangwa kwa kigezo gani: kwa kawaida huja kwa ukaribu wa maneno, na wewe unaweza kuyapanga upya kwa tarehe.

Jambo la mwisho kwa leo ni DOI, kwa kuwa ndiyo dawa ya faili zako mia mbili. Ni kitambulisho cha kudumu cha makala. Huanza na 10 na nukta, ikifuatiwa na tarakimu za aliyeisajili, kisha mkwaju, kisha sehemu ya makala yenyewe. Ile ya Watson na Crick ni 10.1038/171737a0, na ukiitazama vizuri utaona 171 ya juzuu na 737 ya ukurasa zimejificha ndani yake, ingawa DOI nyingi za siku hizi hazisomeki hivyo na hazikusudiwi kusomeka. Andika doi.org, mkwaju, kisha kitambulisho hicho, na utafikishwa kwenye ukurasa wa makala hata kama jarida limehamia kwa mchapishaji mwingine au tovuti imebadilishwa mara tano. Fungua kila PDF, tafuta DOI kwenye ukurasa wa kwanza, na urudi nayo kwenye ukurasa wa jarida. Angalizo dogo: ukiinakili kutoka mwisho wa sentensi, hakikisha hujabeba nukta ya sentensi, maana nukta hiyo moja inatosha kukuletea ujumbe kwamba kitambulisho hakipatikani. Nimewaona watu wazima wakikata tamaa kwa sababu ya nukta.

Mhakiki amejibu:

Mkutubi ameeleza vizuri sana, nami nashika pale alipoachia, kwenye Jedwali S3.

Herufi S mbele ya namba ya jedwali au mchoro ina maana kwamba kitu hicho kimo katika nyenzo za ziada, yaani faili zinazowekwa kando ya makala na ambazo kwa kawaida hazimo ndani ya PDF unayopakua. Katika ukurasa wa wavuti wa makala, shuka hadi karibu na marejeleo, au tazama menyu ya pembeni yenye vichwa vya sehemu, na utafute "Supplementary information" au "Supporting information". Utakuta faili moja au zaidi: nyingine ni PDF, nyingine ni lahajedwali, na mara nyingine ni faili iliyobanwa yenye data ghafi. Katika fani yako, ambako jedwali la viwango linaweza kuwa na mamia ya safu mlalo, mara nyingi ushahidi wenyewe umo huko na kilichomo ndani ya makala ni muhtasari. Mimi ninapohakiki miswada huanza na faili hizo kabla ya mjadala. Ukizipakua, zihifadhi katika folda moja na makala, kwa sababu majina yake hayafanani kabisa na jina la PDF, na baada ya wiki mbili hutakumbuka ni za nani.

Lakini kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako, nalo ni huko kupakua na kufunga ukurasa. PDF iliyo kwenye kompyuta yako ni picha ya siku uliyoipakua. Makala yenyewe inaendelea kuishi kwenye tovuti, na huko inaweza kusahihishwa, kuwekewa tahadhari ya wahariri, au kubatilishwa kabisa. Masahihisho huchapishwa kama andiko linalojitegemea, lenye DOI yake, na ukurasa wa makala ya awali huwekewa kiungo cha kuyafikia, mara nyingi juu kabisa, katika kisanduku chenye rangi. Wewe usiyerudi kwenye ukurasa huo hutakiona.

Mfano unaojulikana na wengi ni ile makala ya 1998 katika jarida la The Lancet iliyohusisha chanjo ya MMR, yaani ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na usonji. Jarida liliibatilisha rasmi mwaka 2010, yaani baada ya miaka 12. Ukiifungua leo kwenye tovuti ya jarida, utakuta imeandikwa waziwazi kwamba imebatilishwa, kwani haikufutwa bali imeachwa palepale na alama yake, ili anayefuata rejeleo la zamani asikose kujua. Lakini mtu aliyekuwa na nakala aliyoitunza tangu mwanzo hana alama hiyo. Jambo hili si la kinadharia. Watu waliacha kuwapa watoto chanjo.

Kwa hiyo jizoeshe kutazama vitu viwili kila unapofika kwenye ukurasa wa makala. Cha kwanza ni tarehe zilizo chini ya majina ya waandishi au mwishoni mwa makala: siku mswada ulipopokelewa, siku ulipokubaliwa, na siku ulipochapishwa. Makala ambayo imekubaliwa lakini haijapangiwa juzuu wala kurasa bado inaweza kubadilika kidogo, na ukiinukuu tumia DOI. Cha pili ni kitufe cha "Check for updates", ambacho wachapishaji wengi hukiweka karibu na kichwa cha makala. Ukikibofya kinakuambia kama unachosoma ndicho kilicho hai hadi sasa au kuna badiliko lililoandikishwa. Kizuri zaidi ni kwamba kitufe hicho mara nyingi kimo pia ndani ya PDF, kwa hiyo faili zako za zamani zinaweza kukujibu leo ukiwa na intaneti. Ukitumia programu ya kutunza marejeleo kama Zotero, nayo itakuonya makala iliyomo kwenye maktaba yako ikibatilishwa, mradi uwe umeiingiza kwa taarifa zake kamili, DOI ikiwemo.

Msikilizaji amejibu:

Nawashukuru waliotangulia. Naomba nitoe upande ambao haujaguswa, kwa sababu mimi sioni, na majarida nayasoma kwa masikio, kupitia programu inayosoma skrini.

Kwangu mimi swali la kujua nilipo ndani ya ukurasa halina mbadala. Asiyeona hawezi kutupa jicho pembeni akaona menyu. Ninapofungua ukurasa wa makala, sauti inaanza na nembo, kisha menyu ya juu, kisha ombi la kukubali vidakuzi, kisha tangazo, na nikikaa kusikiliza yote kwa mpangilio huo dakika zitapita kabla sijasikia jina la mwandishi wa kwanza. Kinachoniokoa ni vichwa vya sehemu. Katika programu ya NVDA, ambayo ni ya bure, nikibonyeza herufi H naruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na nikibonyeza tarakimu 2 naruka kwenye vichwa vya ngazi ya pili tu, ambavyo katika makala nyingi ndivyo ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Herufi T hunipeleka kwenye jedwali linalofuata, na nikiwa ndani ya jedwali, Ctrl na Alt pamoja na mishale hunitembeza seli kwa seli huku nikisikia jina la safu niliyomo. Kwa njia hiyo nimesoma majedwali ambayo wenzangu wenye macho walikuwa wameyaruka.

Ndiyo maana namuunga mkono Mhakiki, lakini kwa sababu nyingine. PDF nyingi za majarida, hasa za zamani, zina safu mbili za maandishi na hazikuwekewa alama za muundo. Programu yangu wakati mwingine husoma nusu ya sentensi ya safu ya kushoto ikaunganisha na nusu ya sentensi ya safu ya kulia, na tanbihi ikaingia katikati. Ukurasa wa wavuti wa makala ileile husomeka vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Milinganyo ya hisabati nayo, ikiwa imeandikwa kwa MathML, yaani lugha ya kuandikia hisabati kwenye wavuti, programu inaweza kuisoma alama kwa alama. Ikiwa imebandikwa kama picha, nasikia neno "picha" tu, na hoja nzima ya mwandishi imenipita.

Ndugu Mwanauzamili, hata wewe mwenye macho unaweza kuufuata muundo huo. Ile menyu ya pembeni unayoiona imesheheni imetengenezwa kutokana na vichwa vilevile ninavyovisikia mimi. Ukitaka mbinu walizotumia, usiburute. Bofya neno la mbinu. Ukitafuta jina la bakteria fulani ndani ya makala ndefu, Ctrl na F zitakuonesha kila mahali lilipotajwa, isipokuwa sehemu ambazo tovuti imezikunja, kwa hiyo zikunjue kwanza. Na siku utakapochapisha makala yako, nakusihi uandike maelezo ya kila mchoro kwa maneno yanayojitosheleza. Jarida likikuuliza kama unataka kuweka maandishi mbadala ya picha, usipite tu. Kuna mtu upande wa pili anayesikiliza.

Mwanauzamili amejibu:

Walimu wangu, nakosa neno la shukrani linalotosha, kwa hiyo nitawaeleza kilichotokea, nadhani kitawafurahisha zaidi.

Jana usiku nilichukua DOI kutoka ukurasa wa kwanza wa PDF yangu, nikaipeleka doi.org kama alivyoelekeza Mkutubi. Mara ya kwanza haikufunguka. Nikaitazama: ilikuwa na nukta mwishoni. Nikaiondoa, nikafika. Nyenzo za ziada zilikuwa chini kabisa, baada ya shukrani za waandishi, na Jedwali S3 lilikuwa lahajedwali lenye safu mlalo zaidi ya mia nne. Kitu nilichokitafuta kwa saa nzima nilikipata kabla chai haijapoa.

Lakini juu ya ukurasa huo palikuwa na kisanduku cha rangi ya manjano, ambacho bila Mhakiki ningekipita. Kilisema kwamba makala ina masahihisho. Nilipoyafungua nilikuta aya moja fupi: katika safu moja ya Jedwali la 2, kipimo cha kiwango cha chini cha dawa kinachozuia bakteria kukua kiliandikwa miligramu kwa mililita, na kilipaswa kuwa mikrogramu kwa mililita. Tofauti ni mara elfu moja. Safu hiyo ndiyo niliyoinakili kwenye sura yangu ya pili, kwa kipimo chake kilekile kisicho sahihi, kutoka kwenye PDF niliyoipakua miezi mitatu kabla ya masahihisho kutolewa. Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Sura hiyo ilikuwa iende kwa msimamizi wiki hii.

Nimeanza kuzipitia faili zote mia mbili, moja baada ya nyingine, kwa kubofya kitufe cha kukagua mabadiliko. Hadi sasa nimefika ya sitini na mbili, na nimekuta masahihisho mengine mawili madogo ya majina ya waandishi. Dada au kaka Msikilizaji, nimeacha pia kusoma kwa PDF. Ninasoma kwenye ukurasa wa wavuti, nikipita kwa vichwa.

Limebaki swali moja. Makala nyingine ambayo msimamizi amenitaka nisome pamoja na toleo lake zima haina namba za kurasa. Badala yake ina namba moja ndefu inayoanza na herufi e, na nikibofya toleo naletewa makala nyingi mno za fani zisizohusiana hata kidogo na yangu. Nifanyeje hapo?

Mkutubi amejibu:

Umefanya kazi ya kiungwana, na nakusihi uendelee hadi ya mwisho.

Hiyo yenye herufi e ni namba ya makala. Majarida yaliyozaliwa mtandaoni, kama PLOS ONE iliyoanza mwaka 2006, hayana karatasi ya kujaza, kwa hiyo hayana sababu ya kuhesabu kurasa mfululizo. Kila makala hutoka ikiwa tayari na hupewa namba yake. Humo toleo ni kipindi tu cha kalenda, na makala zilizomo hazikupangwa na mhariri ziwe majirani kama zile tatu za 1953. Kusoma toleo zima kwa hiyo hakutakupa kile ambacho msimamizi wako anakitafuta, na ni vyema umweleze hivyo kwa adabu. Kinachokaribiana na ujirani huo ni vitu viwili: mikusanyo maalumu, ambayo wahariri huikusanya kuhusu mada moja na ambayo huwa na kiungo chake kwenye ukurasa wa mwanzo wa jarida, na viungo vya somo, ambavyo utavikuta pembeni au chini ya makala. Bofya somo linalohusu ukinzani wa bakteria, kisha chuja kwa tarehe ili upate miezi michache kabla na baada ya makala yako. Ukiona orodha imekuwa ya makala ishirini au thelathini, hapo ndipo pa kukaa na kusoma ikisiri zake moja moja. Kabla hujaondoka kwenye ukurasa huo, jiandikishe kupokea arifa za somo hilo kwa barua pepe, ili zitakazotoka baadaye zikufuate zenyewe.